Tulimpeleka Siwema Kwao

Siku hizi naishi Dar, mtaa wa Gerezani, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vipuri, mimi mwanamke wa Tabora niliyezoea kufungua mlango na kukanyaga udongo. Ngazi zinanitoa roho. Asubuhi naamshwa na mafundi wanaogonga vyuma na honi za mabasi ya mwendokasi, halafu mjukuu wangu Kalunde, aliyepewa jina langu na anayesomea udaktari (nalisema mapema lisije likasahaulika), ananiletea chai na kuniuliza, "Bibi, umelalaje?" Namjibu, "Nimelala hewani kama popo." Wageni wakija wanashangaa imekuwaje kizee mbishi kama mimi nikakubali kuhama kwangu. Sikukubali. Nilichukuliwa, tena hadharani, mwaka juzi, siku tuliyomzika Shomari. Lakini hayo huwezi kuyaelewa bila mwaka ule mwingine, mwaka wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara na maduka yakaanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, mimi bado nina meno yangu yote, mume wangu Mrisho yuko hai, na Siwema ana miaka saba. Habari za babu na bibi zangu sitazisimulia, hazina kazi hapa. Nitasimulia mwaka ule tu.

Siwema sikumzaa. Hilo hajafichwa hata siku moja, na mtu akija kuninong'oneza kama siri namwambia apaze sauti, wenyewe tunajua. Mama yake aliitwa Chausiku, Mzaramo wa Magomeni, mke wa rafiki yake Mrisho wa kwenye reli. Walikuwa wamepanga chumba hapahapa Gerezani. Chausiku alimzaa Siwema, na kabla ya arobaini ya mtoto akafariki. Mwezi huohuo mimi Tabora nilikuwa nimemzika mwanangu, maziwa yananichuruzika mpaka gauni linagandamana na kifua. Habari zilipofika Magomeni, mama yake Chausiku, Bibi Mwanahawa, alisema mbele ya watu, "Mpelekeni kwa yule Mnyamwezi mwenye maziwa." Baba mtu akapanda naye treni, akanikabidhi kitoto kimefungwa ndani ya khanga ya marehemu, chepesi kama furushi la pamba. Nikampa ziwa palepale stesheni, watu wanapita. Baba mwenyewe homa ilimchukua mwaka uliofuata. Basi Siwema akawa wetu. Akakua kwa karanga na asali, ananiita Mayo kama watoto wa Kinyamwezi wanavyowaita mama zao, na kutoka pwani hakuna aliyeuliza.

Mpaka mwaka ule. Gadi mmoja wa treni alishuka Tabora akamwambia Mrisho kwamba Bibi Mwanahawa anaumwa, miguu imemvimba, anataka kumwona mjukuu wake kabla hajaondoka duniani. Mimi nilitaka tujibu kwamba mtoto ana surua. Mrisho akasema, "Tutakwenda wote. Mtoto lazima apaone alikozaliwa kwa macho yake, asije akasimuliwa na walevi." Mrisho alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo kwake yalikuwa hotuba. Nikafunga mzigo: dumu la asali, kuku wawili, na kifurushi cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kwetu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, ambavyo Siwema alikuwa akitafuna kutwa kama mbuzi. Njia nzima alikaa dirishani anauliza, "Kule nilikozaliwa kuna nini?" Mrisho anamjibu, "Kuna watu." Nilikuwa nahesabu stesheni na kila moja ilikuwa inanisogeza karibu na jambo nisilolipenda.

Nyumba ya Magomeni ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma kuna jiko, choo na kisima kilichofunikwa bati. Bibi Mwanahawa alikuwa amelazwa ukumbini kwenye kitanda cha kamba, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuingia au kutoka bila yeye kumkagua. Miguu yake ilikuwa kama mitungi. Hatujavua hata viatu akapiga kelele, "Nani hao wananuka moshi wa treni? Jamani, Wanyamwezi wameingia, ficheni masufuria!" Nami nikamjibu kutoka mlangoni, "Tulisikia unakufa, tumekuja kugawana vyombo. Mbona bado unapumua? Umetupotezea nauli." Nyumba nzima ikacheka. Siwema alinikamata gauni, macho yamemtoka, anadhani ni ugomvi. Hakujua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakikutana lazima watukanane, na ole wako ukasirike. Na mmoja akifiwa, mwenzake anakuja msibani kufanya fujo: ataiga mwendo wa marehemu, atazuia jeneza mlangoni, atatwaa kitu ndani ya nyumba na hakuna wa kumnyima. Bibi akamvuta Siwema, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayechagua papai. Akasema, "Chausiku mtupu." Kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga, akatutukana tena ili tusione.

Mwenye nyumba wakati ule alikuwa Shomari, kaka yake Chausiku, kwa hiyo mjomba wa Siwema, tumbo moja. Ruksa ilimkuta na ujanja wake. Mwaka mmoja nyuma alikuwa anapanga foleni ya sabuni kama sisi, leo ana duka Kariakoo, ameweka sabuni za harufu, taa za chemli, kandambili za rangi, redio za kaseti kutoka Dubai. Friji lake hakuliweka jikoni. Lilikaa sebuleni, limevalishwa kitambaa cha kufumwa kama bi harusi, na pembeni yake televisheni na deki ya video, na majirani walikuja kutazama picha za Kihindi na kulisalimia friji. Siwema alipopewa soda ya baridi kwa mara ya kwanza aliishikilia shavuni mpaka ikapata joto. Hadija, mke wa Shomari, alikuwa na wana wa kiume tu, na alimpokea mtoto kama mvua. Akamsuka nywele, akamnunulia gauni lenye marinda matatu na viatu vya kisigino kidogo vinavyogonga sakafu. Siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Ningependa kusema hivyo, ingekuwa rahisi.

Chakula chao nacho kilikuwa balaa. Wali wa nazi kila siku ya Mungu, mchuzi wa papa, samaki wa kukaanga, mchicha wa nazi, hata maharage yana nazi. Mimi nilipewa nikune nazi nikajikuna vidole, wanawake wa uani wakafa kwa kicheko: "Mnyamwezi anatutilia damu kwenye tui!" Nilivyotoa matobolwa yangu Hadija aliyanusa akauliza, "Shoga, haya ni makucha ya nani?" Nikacheka na wengine. Kilichoniuma ni kumwona Siwema naye anacheka, na nilipomnyooshea kipande akasema ameshiba. Siku zilivyozidi, akaacha kuniita Mayo. Hadija alikuwa amemwambia neno lile ni la bara, aseme mama. Lakini mtoto alikuwa na haya ya kulibadili mbele yangu, basi akawa haniiti kabisa. Anakuja, ananigusa mkono, anasubiri nigeuke.

Mchana mmoja, watu wamelala baada ya kula, nilikuwa uani nasugua sufuria kwa majivu. Dirisha la chumba cha Shomari lilikuwa wazi. Nikamsikia Hadija anasema, "Wakiondoka utawaambia nini?" Shomari akajibu, bila hasira hata kidogo, kama anayezungumza habari za bidhaa, "Nitawaambia ukweli. Yule mama alipewa mtoto amnyonyeshe. Si ameshaachishwa? Tunamshukuru, tunampa na zawadi. Huyu ni damu ya Chausiku, atabaki kwao, asome hapa mjini. Tabora kuna nini, nyuki?" Hadija akasema, "Mama je?" Akajibu, "Mama ndiye aliyemtoa, hawezi kusema kitu. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba." Nilisugua sufuria lile mpaka likawa kioo. Nilipomweleza Mrisho akasema, "Tumngoje Bibi." Nikamwambia, "Bibi akifa?" Akasema, "Ndiyo maana nikasema tumngoje." Hiyo ndiyo akili ya Mrisho, unaweza kumpiga.

Kesho yake Bibi Mwanahawa aliamka na amri. Anataka kumtembeza mjukuu wake. Shomari akasema, "Mama, nitakuletea teksi." Bibi akamkatiza, "Teksi ina madirisha. Mimi nataka watu wanione." Basi ukaletwa mkokoteni wa dukani, likatandikwa godoro la sufi, Bibi akapandishwa na watu wanne akiwalaani wote kwa majina, Siwema akakaa ubavuni mwake na gauni la marinda, na Mrisho akaingia kwenye mipini. Shomari alitaka kuzama ardhini, mama wa mfanyabiashara anavutwa kama magunia ya mkaa. Bibi akampiga Mrisho bega kwa fimbo: "Twende, Mnyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za ndovu kwa miguu toka kwenu mpaka huku. Mimi ni mzigo mwepesi." Mrisho akajibu bila kugeuka, "Pembe hazikuwa zinapiga kelele, Bibi." Bibi alicheka tangu Magomeni mpaka tumeteremka bonde la Jangwani, na mimi nikitembea nyuma na mwavuli nikamfunika asipigwe jua.

Kariakoo ya mwaka ule ilikuwa imepagawa. Nguo za mitumba zimerundikwa chini kama vichuguu, vijana wamepanda juu yake wanapiga makofi, "Chagua, chagua, mama chagua!" Kila kibaraza kimekuwa duka, kila duka limetoa redio nje. Bibi alipita katikati kama sultani. "Nyie mliokuwa mnaficha sukari, mpo?" Wanampungia mikono, "Bibi Mwanahawa, bado hujaenda?" "Nangoja wewe utangulie!" Karibu na soko, mahali Chausiku alipokuwa akiuza ndimu na pilipili, akamsimamisha Mrisho. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anapima vitunguu alimtazama Siwema akaweka mizani chini. Akasema taratibu, "Huyu si Chausiku?" Bibi akasema, "Chausiku amekufa. Huyu ni wake." Yule mama akachagua ndimu kubwa kuliko zote, akampa Siwema mkononi, akafumba vile vidole vidogo kwa mikono yake miwili. Siwema aliishika ndimu ile safari yote.

Halafu Gerezani. Chumba kilikuwa nyuma ya karakana, mlango umepakwa rangi ya kijani, na ndani sasa anakaa mwanamke mwingine anayekaanga maandazi. Bibi akamweleza kutoka kwenye mkokoteni, na yule mwanamke akafuta mikono akasema, "Karibuni, ingieni tu, mtoto apaone kwao." Nikaingia na Siwema. Kitanda, kabati la nguo, ukuta una alama ya moshi wa kibatari, dirisha moja linalotazama reli. Siwema akasimama katikati. Bibi anaelekeza kwa fimbo kutoka nje mlangoni: "Kitanda kilikaa kule. Kichwa upande wa dirisha. Ulilia mpaka mafundi wakaacha nyundo." Siwema akauliza, "Mama yangu alikuwa anatazama treni?" Bibi akasema, "Alikuwa anatazama treni." Neno lile, mama yangu, mtoto alilisema mbele yangu kuhusu mtu mwingine, na sidanganyi, lilipita kama sindano. Lakini nilimtazama mgongo wake, jinsi alivyosimama wima kwenye chumba cha watu bila kubabaika, akamwamkia mwenye chumba kwa shikamoo safi kabisa na kumshukuru kabla ya kutoka, nikasema moyoni, malezi yale si ya Chausiku wala ya friji. Ni yangu.

Tulimalizia Kivukoni, kwenye samaki. Wanadi wanapiga kelele juu ya mafungu, mafuta yanachemka kwenye makarai makubwa. Bibi alimwambia Siwema, "Mama yako alipokuwa na mimba yako hakutaka kitu ila pweza." Basi akanunuliwa pweza, naye akatafuna kwa bidii, uso umekunjamana, hataki kukubali kwamba pweza anamshinda. Mrisho akaenda naye kuangalia kivuko. Nikabaki na Bibi. Sikuwa na muda wa kuzunguka, nikamuuliza, "Bibi, Shomari anataka kumbakiza mtoto. Wewe ulinipa ninyonyeshe, au ulinipa? Niambie na umwambie na yeye. Nakuomba." Alikuwa anachambua samaki mkononi. Akasema, "Nikimwambia mimi, nikifa atasema nilikuwa mgonjwa, sina akili." Nikasema, "Sasa nifanye nini? Nakuomba, Bibi." Akatema mwiba. "Tangu lini mtani akaomba? Wewe Mnyamwezi gani? Mtani anachukua." Akarudi kwenye samaki wake. Nilikasirika sana. Nilidhani nimemletea moyo wangu, yeye ananifanyia mzaha.

Hakumaliza wiki. Aliondoka alfajiri, kwenye kitanda chake cha ukumbini, wakati Hadija anamletea maji ya kunawa. Kulipokucha Magomeni ilikuwa imejaa: wanaume nje kwenye mabenchi na majamvi, wanawake uani na vyumbani, masufuria makubwa yamebandikwa. Wanyamwezi wa mtaani nao wakaja, na kazi yao wanaijua. Mwanamke mmoja amevaa suruali ya mwanamume, mwingine anawadai wafiwa biriani. Wakanisukuma, "Kalunde, wewe ndiye ulikaa naye, tuonyeshe!" Mimi nilikuwa nimelia tangu asubuhi. Lakini mkokoteni ulikuwa pale uani umeegeshwa. Nikajifunga mito miguuni, nikapanda, nikachukua fimbo yake, nikaanza: "Nyie mliokuwa mnaficha sukari, mpo? Shomari! Teksi ina madirisha!" Wanawake waliangua kicheko na kilio kwa pamoja, dada wa marehemu akajigaragaza anasema, "Ni yeye, jamani, ni yeye huyo!" Na hapo juu ya mkokoteni, nikiwa na sauti ya Bibi mdomoni, ndipo nilipomwelewa Bibi. Nilishuka. Nikavua mito. Nikaenda kukaa chini kwenye kizingiti cha mlango mkubwa, miguu nimeinyoosha, mgongo kwenye mwimo.

Jeneza lilipobebwa kutoka chumbani lilinikuta pale. Nikasema, "Hatoki mtu." Shehe akakunja uso, "Jamani, utani ufupishwe, maiti haicheleweshwi." Wanyamwezi wenzangu wakashangilia. Nje walikuwa wamejaa wafanyabiashara wa Kariakoo, wenzake Shomari, na Shomari hakuwa mtu wa kuonekana mnyonge mbele ya hao. Akaja amevaa kanzu mpya, macho mekundu, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mtani, mama yangu alikupenda. Chukua unachotaka ndani ya nyumba hii utupishe. Friji, video, chochote. Shomari hashindwi!" Watu wakapiga vigelegele. "Chukua friji, Kalunde! Mkagandishe asali!" Nikamuuliza, "Chochote?" Akasema, "Chochote. Mashahidi hawa hapa." Nikasimama. Nikaingia sebuleni. Siwema alikuwa amesimama kati ya friji na video, na gauni lake, anang'ata ukucha. Nikachuchumaa, nikamweka mgongoni, nikazungusha khanga, nikafunga kifuani. Mtoto wa miaka saba. Miguu yake inaning'inia, viatu vinanipiga mapajani. Nikatoka naye ukumbini mbele ya jeneza nikasema, "Nimechukua."

Vigelegele vikakatika, ukasikia masufuria yanavyotokota. Shomari rangi ikamshuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mtani, hapo umezidi. Nitamkomboa. Chukua friji." Nikasema, "Silitaki." "Chukua friji na video." Nikasema, "Mjomba, mimi sina umeme." Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Shomari akageuka kwa shehe, shehe akatazama dari. Akageuka kwa dada wa marehemu, mama yake mdogo, na yule bibi akamwambia, "Shomari, neno umelitoa mwenyewe, mbele ya mama yako aliyelala hapo. Unataka azikwe juu ya neno lililorudishwa?" Nami nilikuwa nimesimama, mgongo unaniuma, na watu wote walidhani namngoja Shomari. Sikuwa namngoja Shomari. Nilikuwa nangoja mgongoni. Nilikuwa nimeapa moyoni, mtoto akisema nishushe, namshusha, namwachia friji lake na kwao kwake, napanda treni. Nilisikia pumzi yake shingoni. Ndimu ya Kariakoo ilikuwa bado mkononi mwake, imenyauka, inanukia. Halafu akanisogelea sikio akasema, "Mayo, kaza khanga, naanguka."

Nikaikaza. Nikasogea pembeni, jeneza likapita.

Shomari alirudi kutoka makaburini jioni akanikuta uani nimekaa na mtoto amelala mapajani. Akakaa kwenye mkokoteni. Mwisho akasema, "Mnyamwezi umeniibia mchana kweupe, tena nimekufungulia mlango." Nikamwambia, "Aliyekufungulisha yuko kaburini." Akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, kwake vilikuwa kitu kimoja. Kisha akaomba kitu kimoja, akaomba kwa adabu, mtoto awe anakuja likizo. Nikakubali, na kila likizo Siwema alishuka na treni, akafundishwa duka na mjomba wake, akarudi kwangu anajua kukuna nazi na kukadiria bei. Leo wanaume wa Gerezani wanamwita Mama Gia. Ukitaka kifaa cha lori ambacho hakipo mji mzima, unaulizwa, umeshapita kwa Mama Gia? Na duka lake liko hatua chache kutoka pale palipokuwa na mlango wa kijani. Hakupachagua kwa bahati. Aliniambia anapenda kusikia reli. Najivuna? Ndiyo, najivuna, sina haya. Nilimnyonyesha mwenyewe.

Mrisho alipofariki, Siwema alianza kunibembeleza nihamie Dar. Nikakataa. Kila mwaka anakuja Tabora, ananibembeleza, nakataa: nina kuku, nina kaburi la Mrisho, nina mlango wangu. Mwaka juzi ikaja simu kwamba Shomari ametutoka. Nikafunga safari, mtani wangu siwezi kumwacha aende bila fujo. Nyumba ni ileile, kisima kimefukiwa, friji ni jingine. Siwema asubuhi alilia kama mpwa anavyomlilia mjomba, kilio kilichofanya watu wazima watoke nje. Ilipofika mchana nikamtafuta ukumbini simwoni. Jeneza linakuja, na kwenye kizingiti, miguu imenyooshwa, mgongo kwenye mwimo, amekaa mtoto wangu, mwanamke mzima mwenye maduka, anasema, "Hatoki mtu."

Hassan, mwana mkubwa wa Shomari, akashika kiuno. "Dada Siwema, wewe leo uko upande gani? Si mfiwa wewe?" Akajibu, "Asubuhi nilikuwa Mzaramo. Sasa hivi ni Mnyamwezi. Nilinyonya huko." Watu wakaanza kucheka, wazee wale waliokuwapo zamani wakaanza kusogea waone. Hassan, mwana wa baba yake, akanyoosha mkono kwa madaha: "Haya, chukua unachotaka, dada. Chochote!" Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Mungu wangu, hawajifunzi." Siwema akainuka. Akapita kwenye friji, akapita kwenye televisheni kubwa kama mlango, akaja moja kwa moja nilipokaa. Akachuchumaa mbele yangu, akanipa mgongo. "Huyu bibi kizee," akasema, "yuko ndani ya nyumba hii, na mimi namchukua. Harudi Tabora." Kelele zilizopigwa, nadhani Shomari alizisikia. Mjukuu wangu Kalunde, yule anayesomea udaktari, ananinyanyua huku anacheka na machozi, wanawake wananisukuma juu ya mgongo wa mwanangu kama gunia, mimi napiga makofi hewani nasema, "Niacheni, mtamvunja mtoto!" Khanga ikazungushwa. Miguu yangu ikaacha sakafu. Nilitaka kutukana, maana mtani akichukuliwa lazima atukane, lakini pua yangu ilikuwa imeangukia kwenye shingo yake, pale ambapo miaka yote ile pumzi yake iliangukia kwangu, na tusi lote likanipotea. Nikamsogelea sikio.

Nikamwambia, "Kaza khanga, naanguka."